Biblia Yenye Matundu

Nianze na onyo. Ukisikia kuna Biblia iliyotafsiriwa kutoka miswada ya Kiebrania ya zamani kuliko yote tuliyonayo, tena kwa Kiingereza cha siku hizi, usiikimbilie kama mtu anayekimbilia riwaya ya ujasusi. Ukiifungua kwa kutafuta siri utakasirika mapema. Kurasa za mwanzo tu utagongana na mabano, halafu mabano mengine, halafu sentensi iliyokatika kama mkia wa mjusi aliyebanwa na mlango. Kuna mahali unaambiwa kwa upole kwamba aya hizi na zile hazikuonekana, na unarukishwa mbele. Kitabu cha Esta hakimo kabisa, kwa sababu hakuna hata kipande chake kilichopatikana.

Kitabu ninachokizungumzia kinaitwa The Dead Sea Scrolls Bible. Kilitoka mwaka 1999, na wafasiri wake ni Martin Abegg, Peter Flint na Eugene Ulrich. Nimekisoma kwa kuazima, kamusi mkono wa kulia na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 mkono wa kushoto. Kiebrania sikijui. Nasema hivyo wazi ili tusidanganyane: mimi ni msomaji wa mlango wa tatu. Kwanza Kiebrania, halafu Kiingereza chao, halafu Kiswahili kilichomo kichwani mwangu. Lakini wengi wetu tunaoandika kwenye gazeti hili tumewasoma Warusi kwa njia hiyo hiyo na hatukuona haya kuwatolea hukumu, basi na hapa nipewe nafasi.

Hadithi ya ugunduzi mnaijua, sitawachosha. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui waliingia pango karibu na Bahari ya Chumvi wakakuta mitungi yenye magombo ya ngozi. Kufikia mwaka 1956 mapango 11 ya Qumran yalikuwa yametoa mabaki ya miswada zaidi ya 900, na zaidi ya 200 kati ya hiyo ni ya vitabu vya Biblia ya Kiebrania. Michache sana ni mizima. Mingine ni vipande vya ukubwa wa kucha. Umri wake ni kuanzia karne ya tatu kabla ya Kristo hadi karne ya kwanza baada yake. Kabla ya hapo, nakala kamili ya Kiebrania ambayo wafasiri walikuwa wakiitegemea, ile ya Leningrad, ilikuwa ya mwaka 1008. Kwa hiyo wachungaji wale waliturudisha nyuma miaka elfu moja kwa mkupuo.

Sasa hapo ndipo kasheshe inapoanzia kwetu. Wenye umri wa kukumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka mihadhara ya viwanjani: Waislamu na Wakristo, meza mbili, vipaza sauti, Biblia na Kurani zimefunguliwa, na swali moja likizungushwa hadi giza linaingia. Je, imebadilishwa au haikubadilishwa? Nilipokipeleka kitabu hiki kijiweni, wawili kati ya wenzangu walikitaka siku hiyo hiyo, na kila mmoja alitaka kumpiga nacho mwenzake. Mmoja aliona mahali pa tofauti akasema, “Si niliwaambia?” Wa pili aliona ukurasa mzima unaolingana na Biblia ya nyumbani kwao, naye akasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Wote wawili walikuwa wamesoma kweli. Hakuna aliyekuwa amesoma kitabu.

Kwa maana kitabu hiki, ukikisoma kama kitabu, hakijibu swali la uwanjani. Kinakuonyesha jambo jingine, ambalo kwangu ni zito zaidi: namna maandishi yanavyoishi mikononi mwa watu waliokuwa hawana mashine ya kupiga chapa.

Chukua Yeremia. Biblia ya Kiebrania ina Yeremia mrefu. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ina Yeremia mfupi kwa takriban moja ya nane. Kwa karne nyingi ilikuwa rahisi kusema Wagiriki walipunguza, wavivu hao. Halafu pango la 4 likatoa kipande cha Kiebrania chenye sehemu ya sura ya 9 na ya 10, na kipande hicho kinafuata njia ya mfupi. Pango hilo hilo limetoa nakala nyingine za Kiebrania zinazofuata njia ya mrefu. Yaani bwana, akina Yeremia wawili walilala pango moja! Na hakuna dalili kwamba mtu aliona lazima amchome mmojawapo moto.

Nimezisoma sura hizo mbili kwa utaratibu, na hapa naomba niongee kama mhakiki. Sura ya 10 ni kejeli dhidi ya sanamu: mti unakatwa, fundi anauchonga, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unapigiliwa misumari usianguke. Katika Yeremia mrefu, kejeli hiyo inakatwa katikati na aya za kumsifu Mungu, halafu inarudi, halafu sifa tena. Katika mfupi aya hizo za sifa hazimo. Kejeli inakwenda moja kwa moja bila kuvuta pumzi. Mfupi unang'ata. Mrefu unasali. Ukiniuliza kama mwandishi, namchagua mfupi. Ukiniuliza ni upi ungesomeka vizuri kwa sauti mbele ya watu waliokusanyika kuabudu, nakujibu mrefu. Nani alisema lazima jibu liwe moja? Wataalamu wengi wanauona mfupi kuwa ndio wa awali na mrefu kuwa kazi ya mhariri wa baadaye, lakini jamaa waliohifadhi magombo yale waliishi na yote mawili.

Kipande kinachonipendeza kuliko vyote kiko katika Samweli wa Kwanza. Fungua Biblia yako ya Kiswahili, mwanzo wa sura ya 11. Nahashi Mwamoni anatokea ghafla, anauzingira mji wa Yabeshi-Gileadi, na watu wakiomba amani anawapa sharti la kinyama: kila mtu ang'olewe jicho la kulia. Mimi tangu utotoni jicho hilo lilinisumbua. Kwa nini jicho? Kwa nini mji ule? Mhusika mbaya anaingia jukwaani bila kutambulishwa, jambo ambalo mwandishi wa Samweli, fundi yule, kwa kawaida halifanyi.

Mswada wa pango la 4 una aya nzima kabla ya hapo. Inaeleza kwamba Nahashi alikuwa tayari akiwatesa Wagadi na Wareubeni ng'ambo ya Yordani, akiwang'oa watu macho ya kulia, na kwamba watu elfu saba walimtoroka wakakimbilia Yabeshi-Gileadi. Basi! Kila kitu kinakaa mahali pake. Mji unazingirwa kwa sababu umepokea wakimbizi, na jicho ni adhabu aliyoizoea. Mwanahistoria Yosefo, aliyeandika katika karne ya kwanza, anaisimulia habari hiyo, kwa hiyo inaelekea alikuwa na nakala iliyokuwa nayo. Maelezo ya wengi ni ya kawaida kabisa: mnukuzi fulani, yule anayekopi kwa mkono, jicho lake liliruka aya. Wapo wanaobisha, wakisema aya iliongezwa baadaye na mtu aliyesumbuliwa na swali lile lile lililonisumbua mimi. Na kusema kweli hoja yao si ya kutupa, maana kila mhariri anajua kishawishi cha kuziba pengo la mwenzake.

Aya hiyo kwenye kitabu imejaa mabano ya mraba. Neno lililo nje ya mabano limeonekana kwenye ngozi. Neno lililo ndani limewekwa na wataalamu. Tena hawaliweki kwa ndoto: wanapima upana wa safu, wanahesabu herufi zinazoenea katika mstari, kisha wanajiuliza ni maneno gani yanaweza kuingia katika tundu lile bila kulipasua. Hesabu hiyo ndiyo inayoweza kukuambia kama nakala iliyooza ilikuwa na usomaji mrefu au mfupi, hata kama sehemu yenyewe imeliwa na wadudu. Sijawahi kukutana na kitabu kinachomheshimu msomaji kiasi hiki. Kila mahali kinasema: hapa tumeona, hapa tumekisia. Ebu tafuta gazeti linalofanya hivyo.

Ila sifa zangu zinaishia hapo kwa muda, kwa sababu kuna jambo ambalo Kiingereza cha watu hawa kinalifuta, nalo ni mkono wa aliyeandika.

Gombo Kuu la Isaya lina safu 54 kwenye vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu wake zaidi ya meta 7, na liliandikwa katika karne ya pili kabla ya Kristo. Ndilo pekee kati ya magombo ya Biblia ya Qumran lililokuja karibu zima. Ukilisoma kwa Kiingereza kwenye kitabu hiki utaona linakwenda sambamba na Isaya wa Biblia zetu kwa sehemu kubwa sana, na tofauti zimechapwa kwa herufi za mlalo ili zikurukie machoni. Utadhani basi tofauti ni hizo tu. Kumbe kwenye ngozi yenyewe, tofauti zilizo nyingi zaidi ni za tahajia. Kiebrania cha zamani kiliandikwa kwa konsonanti, na mwandishi wa Isaya anapenda kuongeza herufi za kumsaidia msomaji kutamka. Neno dogo “ki”, lenye maana kama “kwa sababu”, kwa kawaida ni herufi mbili. Katika gombo hili, hasa nusu ya pili, mara nyingi limeandikwa kwa tatu, likimalizwa na alefu.

Sasa hilo utalifasirije? Haiwezekani. Chukua meseji mbili za simu, moja imeandikwa “sina”, nyingine “cna”. Zitie zote kwenye Kiingereza: zinakuwa kitu kimoja. Umri wa mwandishi umepotea, haraka yake imepotea, mtaa wake umepotea. Maana imefika salama na mtu amebaki njiani. Na mambo haya si ya kuchezea. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Groningen, Uholanzi, waliyapima maumbo ya herufi za gombo hilo kwa kompyuta, wakahitimisha kwamba waandishi walikuwa wawili wenye hati zinazofanana mno, wakipokezana karibu na safu ya 27. Watu wawili! Kwa Kiingereza wanaongea sauti moja, laini, iliyopigwa pasi.

Pasi hiyo naiona kitabu kizima. Amosi mkali wa mashambani, mshairi wa Zaburi, mwanasheria wa Walawi: wote wamevalishwa shati moja jeupe la ofisini. Najua Kiingereza cha kisasa kilichaguliwa ili kitabu kisomeke, na mabano yakiongezwa juu ya lugha ya kizamani msomaji angekimbia. Lakini tangu lini maandishi yaliyotoboka yakawa laini?

Mahali pengine wafasiri wamechemsha kwa namna nyingine. Zaburi ya 22, ile aya ya mikono na miguu. Maandishi ya Kiebrania yaliyopokewa yana neno linalosomeka “kama simba”, na sentensi inakuwa ngumu kueleweka. Nakala iliyopatikana Nahal Hever, pango jingine kusini zaidi ya Qumran, ina kitenzi mahali pa simba. Tofauti yote iko kwenye herufi moja: yodi au vavu, vijiti viwili vinavyotofautiana kwa urefu wa mguu. Kitabu kinatafsiri kitenzi hicho kuwa kutoboa, neno ambalo kila Mkristo atalisoma akiuona msalaba. Huenda wako sahihi. Lakini maana ya kitenzi chenyewe inabishaniwa na wataalamu, wengine wakisema ni kuchimba, wengine wakikiona si kitenzi kinachojulikana, na mwili wa aya hausikiki ukisitasita. Watu wanaoweka mabano kwa herufi iliyooza nusu, hapa wamepita kifua mbele. (Kwa njia, Biblia yetu ya 1952 hapo inatumia kitenzi “kuzua” kwa maana yake ya zamani ya kutoboa. Kijana wa leo akikisoma anadhani mikono na miguu imesingiziwa. Tafsiri nayo huzeeka, na hakuna pango la kuisaidia.)

Halafu kuna mambo ya utunzi. Zaburi ya 145 imetungwa kwa kufuata herufi za alfabeti ya Kiebrania, ubeti mmoja herufi moja. Washairi wa zamani wa pwani yetu walijua mchezo huo kwa herufi za Kiarabu, alifu hadi ye, kwa hiyo sisi hatuhitaji kueleweshwa sana. Katika maandishi ya Kiebrania yaliyopokewa, ubeti wa herufi nuni haupo. Meno yote yamo, moja limeng'oka. Gombo la Zaburi la pango la 11 lina ubeti huo, na tena lina kiitikio baada ya kila ubeti, kama wimbo wa kuitikiwa na kundi. Kwa Kiingereza unauona ubeti uliorudi, umechapwa hapo, lakini huwezi kuona ulikuwa unahitajika, kwa sababu alfabeti yenyewe imekwisha kuyeyuka. Umepewa jino bila taya.

Gombo hilo hilo lina zaburi ambazo hazimo kwenye Biblia za wengi wetu, na limezipanga kwa mpangilio wake. Lina hata kifungu cha nathari kinachohesabu kazi za Daudi: zaburi 3,600, nyimbo 364 za kila siku ya mwaka, 52 za Sabato, 30 za sikukuu, na nne za kuwapigia waliopatwa na pepo wabaya, jumla 4,050. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mtu aliyeyaandika hayo hakuwa akifikiria kitabu kilichofungwa chenye nyimbo 150 na jalada. Alikuwa akifikiria kisima.

Wale wenzangu wa kijiweni walinitaka niseme mwishowe nimesimama upande gani. Nikawaonyesha safu ya 33 ya Gombo la Isaya, ambayo tangu mwaka 2011 mtu yeyote anaweza kuiona kwa picha za makumbusho ya Yerusalemu. Katika sura ya 40, aya ya 7 na ya 8, mwandishi wa kwanza aliandika maneno machache, akaendelea. Mkono mwingine, wa baadaye, ukaja na maneno ambayo Biblia zetu zinayo, ukayabana katikati ya mistari, nafasi ikaisha, ukateremka nayo pambizoni wima. Je, wa kwanza aliruka kwa kuwa sentensi moja inajirudia pale na jicho lilipotea? Au yeye alikuwa na matini fupi, na wa pili akaongeza alichokijua? Zote mbili zina watetezi wake. Na ndani ya nyongeza hiyo, mahali pa jina la Mungu, mtu huyo hakuandika herufi. Aliweka nukta nne. Tafsiri, hata ikieleza yote kwenye tanbihi, haina namna ya kukusimamisha pale kwenye nukta kama ngozi inavyokusimamisha. Rafiki zangu walitazama muda mrefu. Hakuna aliyesema “si niliwaambia”.

Kwa anayetaka kukisoma: usianze Mwanzo kwenda mbele, utakata tamaa. Anza na Samweli, Biblia ya Kiswahili ikiwa wazi pembeni, uone Goliathi akipungua kutoka mikono sita na shibiri hadi minne na shibiri, yaani kutoka jitu la karibu meta 3 hadi mtu wa meta 2 hivi ambaye unaweza kukutana naye kwenye timu ya kikapu. Kisha Isaya yote bila kuruka. Kisha Zaburi za pango la 11, kwa sauti. Utangulizi wa kila kitabu ni mfupi na hauna longolongo, usiuruke. Walawi unaweza kuiacha hadi mwisho. Mabano ni mengi, na damu pia.